Biashara na wingu: Nani ameshika ufunguo wa data zako?

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka katika jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Jengo hilo la ghorofa tano lilikuwa limejaa seva, yaani kompyuta kubwa zinazotunza tovuti, barua pepe na kumbukumbu za wateja kutoka sehemu mbalimbali duniani.

Kulipopambazuka, jengo lilikuwa limeteketea, na la jirani yake lilikuwa limeungua sehemu. Hakuna aliyepoteza maisha. Hata hivyo, kampuni ya Netcraft, inayofuatilia mwenendo wa intaneti, ilikadiria kuwa tovuti zipatazo milioni 3.6 zilitoweka hewani.

Asubuhi hiyo mwanzilishi wa OVHcloud, Octave Klaba, aliwashauri wateja waanze kutekeleza mipango yao ya kujinusuru na maafa. Wapo waliokuwa nayo, na biashara zao zilirejea baada ya muda mfupi. Wapo pia waliodhani kwamba kulipia huduma ni sawa na kuwa na mpango. Baadhi yao hawakupata kitu.

Mteja mmoja alikuwa amelipia hata huduma ya kutunziwa nakala ya akiba. Ilikuja kubainika kuwa nakala hiyo iliwekwa katika jengo lilelile lililoungua. Mwaka 2023 Mahakama ya Biashara ya Lille, katika hatua ya kwanza ya shauri, iliiamuru OVHcloud imlipe fidia ya zaidi ya euro 100,000.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa karne nyingi daftari hilo lilikaa mezani mwa mwenye duka, na jioni alilifungia kabatini. Leo daftari la wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi limo ndani ya seva ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, chini ya mkataba ambao mwenye daftari hajausoma.

Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni moja: mfanyabiashara afanye nini ili aendelee kuwa na mamlaka juu ya daftari lake?

Wingu ni nini?

Neno wingu linawapotosha wengi. Hakuna kitu kinachoelea angani. Wingu ni seva za kampuni fulani, zilizomo ndani ya jengo fulani, zinazotumia umeme wa nchi fulani na kufuata sheria za nchi hiyo. Mteja huzikodi kupitia intaneti na kulipa kadiri anavyotumia.

Huduma hizi kwa sura yake ya sasa zilianza mwaka 2006, pale kampuni ya Amazon ya Marekani ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data na nguvu ya kompyuta kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki. Microsoft na Google zilifuata. Barani Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020 na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024.

Faida za wingu si za kubeza. Mwenye duka la dawa hahitaji kununua seva ya mamilioni ya shilingi, jenereta, viyoyozi wala kumlipa fundi wa kuikesha. Wakati wa mgawo wa umeme, seva iliyo ofisini huzima lakini iliyo kwenye wingu inaendelea kufanya kazi. Mwizi akivunja ofisi usiku na kuondoka na kompyuta, hesabu za mwaka mzima haziondoki nazo.

Kwa hiyo hoja si kuliacha wingu. Hoja ni kulitumia huku ukijua nani ameshika ufunguo.

Kumiliki si kudhibiti

Mikataba mingi ya huduma za wingu inasema waziwazi kuwa data ni mali ya mteja. Wengi wakifika hapo huridhika. Lakini kumiliki kitu ni jambo moja, na kuwa na uwezo juu yake ni jambo jingine. Gari linaweza kuwa na jina lako kwenye kadi, ilhali limefungiwa ndani ya yadi ya mtu aliyesafiri na ufunguo.

Udhibiti wa data una sehemu tatu. Kwanza, uwezo wa kuzifikia wakati wowote unapozihitaji. Pili, uwezo wa kuzihamisha kwenda kwingine bila kuomba ruhusa. Tatu, uwezo wa kuamua ni nani mwingine anayeweza kuzisoma. Mfanyabiashara akikosa mojawapo ya sehemu hizo, umiliki wake umebaki kwenye karatasi.

Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha jinsi uwezo huo unavyopotea, na mara nyingi hupotea bila uhalifu wowote kutendeka.

Kosa la mtoa huduma

Mwezi Mei 2024, wanachama zaidi ya 600,000 wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia, walishindwa kuona akiba zao kwa zaidi ya wiki moja. Hapakuwa na wizi. Google Cloud, iliyokuwa ikiutunzia mfuko huo mifumo yake, ilikuwa imeufuta mfumo mzima kwa bahati mbaya. Baadaye Google ilieleza kuwa wakati wa kuandaa huduma hiyo, watumishi wake waliacha nafasi moja ya maelekezo bila kujazwa. Kwa sababu hiyo mfumo ulijiwekea ukomo wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukajifuta.

UniSuper ilikuwa na nakala katika maeneo mawili tofauti, lakini yote mawili yalikuwa chini ya mtoa huduma huyohuyo na yalifutwa pamoja. Kilichouokoa mfuko huo ni kuwa na nakala nje ya mfumo uliofutwa, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine kabisa.

Oktoba 20, 2025, hitilafu katika mfumo wa majina wa mitambo ya Amazon iliyopo Virginia, Marekani, ilisimamisha kwa saa kadhaa programu na tovuti nyingi duniani. Zilizosimama zilikuwa za kampuni mbalimbali, lakini nyingi hazikuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa zote zilisimama juu ya nguzo moja.

Mlango kufungwa

Mtoa huduma anaweza pia kufilisika. Septemba 2013, kampuni ya Nirvanix ya Marekani, iliyokuwa ikihifadhi data za makampuni, iliwapa wateja wake takriban wiki mbili kuhamisha kila kitu kabla ya kufunga. Mteja mwenye data nyingi hutumia siku nyingi kuzipakua, na wateja wote walikuwa wakipita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa Oktoba kampuni iliomba kinga ya mufilisi mahakamani.

Siasa nazo hufunga milango. Julai 2025, Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo kampuni ya mafuta ya Nayara Energy ya India, ambayo Rosneft ya Urusi ina hisa ndani yake. Siku chache baadaye Microsoft ilisitisha huduma zake kwa kampuni hiyo, ikiwemo barua pepe, ingawa Nayara ilisema leseni zake zilikuwa zimelipiwa. Nayara ilikwenda Mahakama Kuu ya Delhi, na huduma zikarejeshwa kabla mwezi haujaisha.

Linalopaswa kutafakariwa hapo si nani alikuwa na haki. Ni kwamba kampuni ya India, inayofanya kazi India, ilijikuta haina mawasiliano kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa bara jingine na kutekelezwa na kampuni ya bara la tatu.

Kuhusu nani anaweza kuzisoma data, sheria ya Marekani ya Machi 2018 ijulikanayo kama CLOUD Act inazitaka kampuni za nchi hiyo kukabidhi data zilizo chini ya uwezo wao pale zinapopewa amri halali, hata kama data hizo zimehifadhiwa nje ya Marekani. Kwa hiyo kuchagua kituo kilichopo Cape Town badala ya Virginia kunasaidia kasi, lakini hakuiondoi kampuni ya Marekani katika mkono wa sheria za kwao.

Ufunguo mmoja, mwizi mmoja

Juni 2014, mhalifu aliingia katika akaunti ya usimamizi ya Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikiwatunzia watengenezaji wa programu kazi zao kwenye wingu la Amazon. Alidai fedha. Wamiliki walipojaribu kumtoa kwa kubadilisha maneno ya siri, walikuta amekwisha kujitengenezea njia nyingine za kuingia. Akaanza kufuta.

Katika muda wa takriban saa 12, alikuwa amefuta sehemu kubwa ya data pamoja na nakala zake za akiba, kwa sababu vyote vilifunguliwa kwa akaunti ileile. Code Spaces ilitangaza kuwa haiwezi kuendelea. Biashara iliyojengwa kwa miaka ilikufa ndani ya siku moja.

Bei ya kutoka

Udhibiti hupotea pia polepole, kupitia ankara. Kuingia kwenye wingu ni rahisi na mara nyingi kuna ofa za kuanzia. Kutoka kuna gharama. Kwa miaka mingi watoa huduma wakubwa walitoza fedha kwa kila kiasi cha data kinachotolewa nje ya mifumo yao, ilhali kuingiza data huwa bure. Kadiri data zinavyokua ndivyo mteja anavyozidi kufungwa, hata bei ikipanda.

Oktoba 2022, kampuni ya programu ya 37signals ya Marekani ilitangaza kuondoka kwenye wingu. Mwaka huo ililipa dola za Marekani milioni 3.2 kwa huduma hizo. Ilinunua seva zake kwa takriban dola 700,000, na miaka miwili baadaye ilieleza kuwa ankara ya wingu imeshuka hadi dola milioni 1.3 kwa mwaka. Si kila kampuni inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa 37signals ilikuwa tayari na wataalamu wake. Lakini iliweza kuchagua kwa sababu haikuwa imejifunga kwa mtu.

Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hilo. Sheria yake ya data, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, inawataka watoa huduma za wingu kuwarahisishia wateja kuhama, na kuanzia Januari 12, 2027 inakataza kuwatoza fedha za kuhama. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki hana kinga hiyo, hivyo inampasa kuijadili mwenyewe kabla ya kutia saini.

Sheria za kwetu

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji anayezishughulikia kwa niaba yake. Mwenye duka, shule, zahanati au SACCOS anayeandika majina na namba za simu za wateja ni mkusanyaji. Kampuni ya wingu ni mchakataji.

Tofauti hiyo ina uzito. Mkusanyaji hawezi kuutupa wajibu wake kwa kusema kuwa taarifa zilikuwa kwa mwingine. Sheria pia inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na kuhifadhi kwenye seva ya ng'ambo ni kusafirisha.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Sheria hiyo inamtaka mwenye data kuwa na mkataba wa maandishi na anayemchakatia, na kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 taarifa zikivuja na kuwaweka wahusika hatarini. Inampa waziri pia uwezo wa kuagiza kuwa aina fulani za data zichakatwe kwenye seva zilizopo Kenya, kwa sababu za maslahi ya taifa.

Asiyejua data zake ziko wapi hawezi kutimiza lolote kati ya hayo.

Mkongo ukikatika

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Data hazikupotea. Zilikuwa salama ng'ambo, isipokuwa wenyewe hawakuweza kuzifikia vizuri.

Biashara iliyokuwa na nakala ya orodha ya bei, madeni na akiba ya bidhaa kwenye kompyuta ya ofisini iliendelea kuuza. Iliyotegemea wingu peke yake ilirudi kwenye kalamu na karatasi, ikiwa ilikumbuka bei.

Oktoba 4, 2021 kulikuwa na somo kama hilo kwa wafanyabiashara wadogo, pale Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takriban saa sita. Mama anayepokea oda za keki kwa WhatsApp, na ambaye namba za wateja wake zimo humo tu, siku hiyo hakuwa na biashara. Huo nao ni wingu, hata kama haliitwi hivyo.

Seva ya nyumbani si dawa pekee

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kuwa kila mtu arudishe data zake ofisini. Yaliyotokea Korea Kusini yanakataa hitimisho hilo.

Septemba 26, 2025, moto ulioanzia kwenye betri uliunguza kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya umma ilisimama. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali, yenye terabaiti 858, iliteketea bila kuwa na nakala mahali pengine. Kituo kilikuwa cha serikali yenyewe, katika ardhi yake, chini ya watumishi wake.

Kwa hiyo udhibiti haupimwi kwa ukaribu wa seva. Unapimwa kwa swali hili: seva hii ikitoweka usiku huu, kesho asubuhi naanzia wapi?

Mambo ya kufanya

Hatua zifuatazo haziitaji mtaji mkubwa, na nyingi zinamfaa hata mwenye duka moja.

Kwanza, andika orodha. Hesabu ziko wapi? Orodha ya wateja iko wapi? Nani anajua neno la siri? Mara nyingi zoezi hili peke yake hufichua kuwa kitu muhimu kimo katika simu ya mtu mmoja.

Pili, akaunti zote ziwe kwa jina la kampuni. Ni jambo la kawaida fundi aliyetengeneza tovuti kusajili jina lake, kwa mfano linaloishia na .co.tz, kwa jina lake binafsi na barua pepe yake. Siku mkigombana au akihama mji, anuani ya biashara inaondoka naye. Watu wawili wanaoaminika wawe na uwezo wa kuingia, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Tatu, fuata kanuni inayotumiwa na mafundi duniani kote: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kama kazi iko kwenye wingu, nakala moja iwe kwenye diski ya nje ofisini, na nyingine kwa mtoa huduma tofauti, chini ya akaunti na neno la siri tofauti. Diski ichomolewe baada ya kunakili, ili mhalifu anayeingia kwa mtandao asiifikie.

Nne, jaribu kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Angalau mara moja kila miezi mitatu, chukua nakala na ujaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine.

Tano, taarifa nyeti kama za afya, mishahara na mikopo zifungwe kwa maandishi ya siri kabla ya kupandishwa, na ufunguo ubaki kwako. Hapo hata anayetunza boksi hawezi kusoma kilichomo. Lakini ufunguo nao uwe na nakala, kwani ukipotea hakuna wa kukusaidia.

Sita, usome mkataba ukianzia mwisho, yaani pale unapoeleza namna ya kuachana. Uliza: nikiondoka, nitapewa data zangu zote? Kwa muundo gani, ule unaofunguka kwenye programu yoyote au wa kwao peke yao? Nitapewa siku ngapi, na nitatozwa kiasi gani? Nikichelewa kulipa mwezi mmoja, mtafunga tu au mtafuta? Muuzaji anayekwepa maswali haya amekwisha kuyajibu.

Deni lisilo na kumbukumbu

Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo anayekopesha bidhaa kwa wenye maduka wa mikoani hutegemea kitu kimoja kuliko mzigo uliomo ghalani: kumbukumbu ya nani anadaiwa nini. Ghala likiungua, ipo bima. Kumbukumbu ikipotea, hakuna bima itakayomkumbusha mdaiwa wa Songea kuwa alichukua katoni 40.

Mkataba wa mtoa huduma wa wingu kwa kawaida huweka kikomo cha fidia, mara nyingi kisichozidi ada ambazo mteja amekwisha kulipa katika kipindi fulani. Aliyekuwa akilipa dola chache kwa mwezi atarudishiwa dola chache. Madeni, wateja na imani yao havimo katika hesabu hiyo.

Ndiyo maana kazi ya kulinda daftari haiwezi kukodishwa yote. Seva inaweza kukodiwa, fundi anaweza kukodiwa, hata jengo. Jukumu la kujua daftari liko wapi, na la kuwa na nakala yake mkononi, linabaki kwa mwenye mali.